Bushi, Pini na Shekeli: Kutengeneza Viungo vya Springi Katika Gari la Zamani

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wenye magari ya zamani katika Mkoa wa Tabora na wilaya zinazopakana nao, hususan Land Rover zilizotengenezwa kati ya mwaka 1948 na 1985, ambazo hadi leo huonekana zikibeba mizinga ya nyuki, magunia ya mpunga na, mara nyingine, mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Kitete. Tumechagua jambo moja tu, nalo ni vifaa vinavyoiunganisha springi na chesisi: bushi, pini, shekeli na mabano yake. Ni vifaa vidogo na bei yake si kubwa ikilinganishwa na injini au giaboksi; ndiyo sababu hupuuzwa. Hata hivyo, vikichakaa, dereva hana tena hakika gari litaelekea wapi anapougeuza usukani au kukanyaga breki. Vikitengenezwa vibaya, mwenye gari hulipa mara mbili au tatu kwa kazi ileile.

Msomaji tunayemlenga si fundi. Hatutarajii kwamba ataingia mwenyewe chini ya gari akiwa na spana mkononi. Tunataka ajue kiasi cha kumwezesha kuuliza, kukagua na, inapobidi, kukataa.

Springi inavyoshikiliwa

Katika Land Rover za toleo la kwanza hadi la tatu, ekseli zote mbili hubebwa na springi nne za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo mafundi huviita majani. Jani lililo refu kuliko yote limekunjwa kila mwisho likafanya tundu liitwalo jicho. Jicho moja limefungwa kwa pini moja kwa moja kwenye mabano ya chesisi. Jingine limening'inizwa kwa shekeli, yaani vipande viwili vya chuma vinavyobembea, kwa kuwa springi inapobonyea hunyooka na kurefuka, nayo sharti ipate pa kwenda. Ndani ya kila jicho mna bushi. Bushi ya asili ya magari haya ni bomba la chuma kwa nje, bomba jembamba la chuma kwa ndani, na mpira uliogandishwa katikati yake. Bushi nyingine zimo ndani ya chesisi yenyewe, mahali shekeli zinaponing'inia. Nazo husahauliwa kwa urahisi kwa sababu hazionekani. Kwa hiyo mwenye gari anayeambiwa "tumebadilisha bushi zote" na kuonyeshwa nne tu ana haki ya kushangaa: kwenye macho ya springi peke yake zipo nane.

Yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anaijua ngata. Ngata haizunguki kichwani. Imetulia, inabonyea, inapokea mtikisiko wa kila hatua ili usiufikie utosi. Bushi hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Wengi hudhani kwamba pini huzunguka ndani ya bushi kama ekseli ya baiskeli inavyozunguka katika gololi, na kwa dhana hiyo hutia grisi na kuacha nati zikiwa zimelegea kidogo "ili ipate kucheza". Sivyo. Bomba la ndani la bushi sharti libanwe kabisa na shekeli au mabano, lisisogee hata kidogo. Kinachosogea ni mpira, kwa kujisokota na kujisokotoa. Karibu makosa yote tutakayoyaeleza hapa chini yanatokana na kutolielewa jambo hili.

Kwa nini viungo hivi huchakaa

Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe. Joto huukausha, na mafuta ya injini au ya ekseli yanayovuja huulainisha hadi ukavimba. Hayo hutokea popote. Huku kwetu yanaongezewa mawili. Katika msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, matope ya mbugani hung'ang'ania chini ya gari yakabaki na unyevu siku nyingi, na maji yenye mchanga hupenya kati ya pini na bomba la ndani. Kutu hujengeka hapo, pini na bomba vikashikana, na siku ya kuvifungua vikakataa. Kisha huja kiangazi na barabara za vumbi zilizojikunja mawimbi. Gari lililozoea kutoka Sikonge kwenda porini kukusanya asali, au linalopita njia za mashamba ya tumbaku huko Urambo na Kaliua, hutikiswa mara nyingi mno kwa safari moja, na kila mtikisiko huusokota mpira huo. Ikumbukwe kwamba upande huo ndio uliokuwa ukielekewa na misafara ya kale iliyotoka Bagamoyo na kupumzika Tabora kabla ya kuendelea Ujiji. Ardhi ni ileile, mchanga na udongo mzito kwa zamu, ila sasa mzigo uko juu ya springi.

Sababu ya tatu tunaitaja kwa ufupi, kwa kuwa inajulikana: kuzidisha uzito. Gari linapoinama, ushauri wa haraka huwa ni kuongeza jani. Mwenye gari afahamu kwamba jani la ziada huifanya springi iwe ngumu, na nguvu ambayo springi imekataa kuipokea huhamia kwenye pini na mabano. Kabla ya kukubali jani la ziada, bushi zikaguliwe kwanza.

Dalili, na namna ya kuzithibitisha

Dalili ya kwanza ni sauti: gari likipita shimo husikika mgongano mkavu wa chuma kwa chuma, aghalabu upande mmoja. Ya pili ni usukani. Gari hutangatanga katika barabara iliyonyooka, au huvutwa upande mmoja breki zinapokanyagwa, kwa kuwa ekseli ya mbele hurudi nyuma kidogo upande ule ambao bushi yake imekufa. Tairi nazo huweza kuliwa upande.

Lakini dalili zote hizo zinaweza pia kuletwa na shokomzoba lililochoka, na viungo vya usukani vilivyolegea au na beringi za magurudumu. Kwa hiyo tunashauri mtu asiuziwe bushi kwa ushahidi wa sauti peke yake. Aombe kuonyeshwa, na kuonyeshwa si jambo gumu.

Gari lisimame juu ya sakafu iliyo sawa, likibebwa na magurudumu yake, huku magurudumu yamezuiwa kwa magogo na injini imezimwa. Mtu mmoja ageuze usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, mwingine akiangalia shekeli na macho ya springi za mbele. Kisha fundi aingize mtaimbo kati ya jicho na mabano, aubane taratibu. Mpira ulio hai hunyumbulika polepole na kurudi mahali pake. Uliokufa huacha chuma kiruke ghafla, na mara nyingi vumbi jekundu la kutu hudondoka palepale. Vumbi hilo ni shahidi mzuri kuliko maneno ya mtu yeyote, fundi au mteja.

Kipimo kingine hakihitaji hata fundi, bali futi ya kupimia tu. Magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia na upande wa kushoto. Land Rover fupi, ya inchi 88, inapaswa kuwa na karibu milimita 2,235. Ile ndefu ya inchi 109, karibu milimita 2,769. Tofauti ya milimita chache kati ya pande mbili huenda imetokana na mkono uliopima. Tofauti inayozidi sentimita moja inadai maelezo: ama bushi au mabano yamelika, ama senta bolti imekatika. Senta bolti ndiyo inayoyafunga majani pamoja, na kichwa chake huketi katika tundu la ekseli ili ekseli isihame. Ikikatika, kinachobaki kuishikilia ekseli ni mbano wa yuboliti tu, na gari la namna hiyo lisisafiri mpaka litengenezwe.

Mwisho, chesisi yenyewe. Chesisi ya Land Rover hizi ni kisanduku cha bati la karibu milimita 2, na kutu huanzia ndani, mahali asipopaona mtu. Fundi aigonge kwa nyundo ndogo kuzunguka kila mabano. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hujibu kwa sauti butu, na pengine nyundo hutumbukia. Kuweka bushi mpya katika mabano yaliyooza ni kupoteza fedha, na ni afadhali mwenye gari aambiwe hivyo kabla ya kazi kuanza kuliko katikati yake, gari likiwa limekwisha kufunguliwa na yeye hana namna ya kuondoka nalo.

Vifaa vya kununua

Hapa ndipo mtumiaji huumia zaidi, maana vifaa vingi husafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, hununuliwa kwa simu, na hufika katika mfuko usio na jina.

Bushi za mpira na chuma za aina ya asili bado zinatengenezwa na viwanda mbalimbali, japokuwa kiwanda cha Solihull kule Uingereza kiliacha kuunda Land Rover hizi zamani. Ndizo tunazozipendekeza kwa gari la kazi. Bushi mpya iangaliwe kama mpira umeshikana na chuma pande zote, kama hauna nyufa, na kama bomba la ndani limejitokeza kidogo kuliko mpira, kwa kuwa ndilo linalopaswa kubanwa. Kifaa cha mpira kilichokwisha kutumika kisinunuliwe kwa bei yoyote.

Zipo pia bushi za poliyurethani, aghalabu zenye rangi ya kung'aa. Hizi hufanya kazi kwa kuteleza, si kwa kujisokota, kwa hiyo huhitaji grisi yake maalumu na hufanya gari kuwa gumu zaidi. Huingizwa bila presi, na mafundi wengi huzipenda kwa sababu hiyo. Si mbaya, ila mwenye gari aelezwe anachonunua. Land Cruiser za zamani, zile za mfululizo wa 40 zilizoanza mwaka 1960, zina bushi za mpira za vipande viwili vinavyoingizwa kila upande. Zisichanganywe na za Land Rover hata kama kipenyo kinakaribiana.

Kuhusu bushi zinazokerezwa kwa nailoni au shaba, msimamo wetu ni mkali kidogo kuliko wa baadhi ya mafundi tunaowaheshimu. Nailoni na shaba hazinyumbuliki. Hufuta kelele kwa muda, kisha kila pigo la barabara huenda moja kwa moja kwenye mabano ya chesisi ambayo huenda yana umri wa miaka 50. Na kuna bushi za mpira wa tairi kuukuu, zinazokatwa kwa kisu na kupigwa nyundo hadi zikaingia. Gari likikwama usiku porini Ipole, hiyo ni busara ya kupigiwa makofi. Imewafikisha watu nyumbani. Lakini ni dawa ya kufikia mjini. Kumtoza mteja bei ya bushi mpya kwa kipande cha tairi ni udanganyifu, na tunaomba uitwe kwa jina hilo.

Bolti zinastahili uangalifu wake. Magari haya yameundwa kwa vipimo vya inchi, na maduka yetu yamejaa vipimo vya milimita. Bolti ya milimita 14 huingia vizuri katika tundu la inchi 9/16, kwa kuwa tundu hilo lina milimita 14.29. Huingia, na ndilo tatizo: ule upungufu mdogo hugeuka nyundo ndogo inayogonga mchana kutwa. Bolti ya milimita iliyo imara huwa na namba 8.8 au 10.9 kichwani, ya inchi ya mfumo wa Kimarekani huwa na mistari mitatu au sita. Kichwa kitupu kisichoandikwa chochote hakifai kubeba ekseli. Vilevile sehemu ya bolti iliyo laini ndiyo inayopaswa kukaa ndani ya bushi, si sehemu yenye meno.

Kazi yenyewe

Gari likiinuliwa, chesisi iketishwe juu ya stendi imara au magogo mapana, na jeki ibaki chini ya ekseli kwa ajili ya kuipandisha na kuishusha tu. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Na mwenye gari akiona kijana wa gereji anafanya hivyo, aseme, hata kama si gari lake.

Pini iliyoshikwa na kutu huvutia moto. Gesi inawashwa, mpira unaungua, na kazi inakwenda haraka. Tunaonya kwa sababu mbili: moshi wa mpira ni sumu, na katika nyingi ya Land Rover hizi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, hatua moja tu kutoka kwenye springi. Njia iliyo salama ni ya polepole. Mafuta ya kulegeza kutu hupakwa jioni na kuachwa usiku kucha. Pini ikikataa, hukatwa kwa msumeno wa chuma. Na bomba la nje la bushi hupasuliwa kwa msumeno kutoka ndani, kwa mkono mwepesi, bila kulikata jicho. Bushi mpya huvutwa ndani kwa presi, au kwa bolti ndefu na vipande vya bomba vinavyolingana. Nguvu ielekezwe kwenye bomba la nje, kamwe si kwenye mpira wala bomba la ndani. Kama bushi ni kavu mno, maji ya sabuni yanatosha. Grisi ya kawaida na mafuta huula mpira.

Endapo mabano yatachomelewa, waya za betri zifunguliwe kwanza, petroli iondolewe, na kutu ikatwe hadi kufikia chuma kizima. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hushika kutu. Shekeli nazo zirudishwe kama zilivyotoka, maana kipande kimoja kina meno ambamo pini hujifunga na kingine hakina. Yuboliti zilizovutika meno zibadilishwe.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Pini za springi hukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia. Gari likiwa juu, springi imejikunja kuliko kawaida. Ukikaza hapo, bomba la ndani linabanwa katika pembe hiyo, na gari likishushwa mpira wote unasokotwa kabla halijasogea hata hatua moja. Kila shimo huuongezea msokoto, mpaka uchanike. Dalili yake inatambulika: gari hutoka gereji likiwa limesimama juu isivyo kawaida, mteja huambiwa kwamba "springi itakaa", na kweli baada ya wiki chache hukaa, kwa sababu bushi zimechanika. Kisha kelele hurudi, na kiwanda kilichotengeneza bushi hulaumiwa bure.

Kwa hiyo pini zifungwe kwa wepesi tu, gari lishushwe, lisukumwe mbele na nyuma mita chache ili springi itulie, ndipo zikazwe kwa nguvu kamili na nati za kufungia ziongezwe. Mwenye gari ajitahidi kuwapo kwa nusu saa hiyo. Tungemshauri akose mwanzo wa kazi kuliko akose mwisho wake. Baada ya safari ya kwanza ya kilomita mia chache, tuseme kwenda Nzega na kurudi, yuboliti na pini zikazwe upya. Kazi hiyo iwe sehemu ya bei iliyokubaliwa tangu mwanzo.

Makubaliano na madai

Kabla gari halijafunguliwa, pawe na karatasi moja, hata ya daftari, inayotaja idadi ya bushi, aina yake, nani atanunua vifaa, bei ya ufundi, na muda ambao fundi ataisimamia kazi yake. Risiti ya vifaa idaiwe dukani. Iwapo mteja ameleta vifaa vyake mwenyewe, naye fundi amemwonya kwamba ni hafifu, si haki baadaye kumdai fundi huyo gharama za vifaa hivyo. Onyo hilo liandikwe kwenye karatasi ileile.

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu ubora, upya au asili ya bidhaa. Bushi ya tairi iliyouzwa kama mpya inaangukia hapo, na malalamiko yake hupelekwa Tume ya Ushindani. Kifaa kinachodhaniwa kuwa chini ya kiwango kipelekwe Shirika la Viwango Tanzania kikiwa na kifungashio chake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kwa upande wake, haimwangalii fundi bali gari lililo barabarani. Askari akilikuta bovu, karatasi ya gereji haitamwokoa dereva.

Mzozo mwingi huishia hewani kwa kukosa kitu cha kuonyesha. Bushi, pini na bolti zilizotolewa ni mali ya mwenye gari. Azidai zote, azihesabu mbele ya fundi, azitie katika mfuko wenye tarehe na kilomita zilizosomeka siku hiyo, na autunze mfuko huo angalau mpaka msimu mmoja wa mvua upite.